Anajua Unamwua, Mbona Haachi?

Wazazi wenye kijana anayetumia unga huuliza hivi: "Anajua unamwua. Je, hawezi kuacha, au hataki?" Tujifunze pamoja.

Mwaka 1983 mtaalamu wa ubongo wa Marekani, Benjamin Libet, alitoa matokeo ya jaribio lake. Watu waliambiwa wakunje mkono wakati wowote wapendao, kisha waseme ni lini walihisi kutaka. Ilionekana kwamba ubongo ulianza kujiandaa kabla mtu hajatambua nia yake, tofauti ikiwa chini ya nusu sekunde. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana yake. Libet mwenyewe alisema kwamba mtu hubaki na nafasi fupi ya kulizuia tendo.

Kwa mtumia unga nafasi hiyo ni finyu mno. Akipita kijiwe alichokizoea, hamu humpanda kabla hajafikiri. Akikosa, arosto humtesa: viungo huuma, hutapika, huharisha, halali. Kumwambia wakati huo "tumia akili" ni kama kumkataza mwenye homa asitetemeke.

Je, basi hana wajibu? Anao. Akili huchelewa kwenye hamu, lakini huwahi kwenye mipango. Akiwa ametulia anaweza kuchagua njia isiyopita kijiweni, na kuomba msaada. Unguja zimekuwapo nyumba za upataji nafuu tangu 2009, na huduma ya methadoni ilianza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hutuliza arosto, na fikra zikapata nafasi ya kufanya kazi.

Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1735, nayo yafundisha kwamba mazoea na hofu vyaweza kupunguza, hata kuondoa, lawama ya tendo. Hivyo tusiharakishe kuhukumu.

Familia ifanye nini?

1. Ongeeni naye akiwa ametulia, si katikati ya arosto.
2. Msindikizeni kwenye matibabu.
3. Aliyeacha kwa muda akirudia kipimo cha zamani aweza kufa, kwani mwili haukizoei tena. Akipumua polepole na haamki, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.

Swali la kujadili katika jumuiya: Je, nyumbani kwetu tunamsaidia kijana kupanga kesho yake, au tunamlaumu kwa jana tu?