KUSHUSHA GARI YA NG'OMBE YENYE MZIGO MZITO



Kisiwa chetu cha Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Mtu wa Mgogoni hana haja ya kuelezwa hilo. Mikarafuu iko juu, mpunga uko bondeni, na nyumba zimejengwa huku na huku. Mawe, mchanga, saruji, kuni na magunia hupanda na kushuka kwa gari ya ng'ombe.

Watu wengi huogopa kupanda. Ni kweli kupanda kunachosha, lakini ng'ombe akishindwa kupanda husimama. Hatari kubwa iko katika kushuka. Gari nyingi za ng'ombe hazina breki. Breki ni huyo huyo ng'ombe. Akishindwa kuuzuia mzigo, mzigo unamsukuma. Anakimbia bila ya kupenda, anajikwaa, na gari inamjia juu. Hapo mwenye gari amepoteza mnyama wake, na mnyama huyo ndiye jembe lake, ndiye chakula cha nyumbani, ndiye sare na madaftari ya watoto wa skuli.

Hebu tufanye hesabu. Chukua ufito ulionyooka wa mita 1. Weka ncha moja chini katika mteremko, na ncha ya pili ielekee bondeni. Juu ya ufito laza chupa yenye maji nusu. Inua ile ncha ya bondeni mpaka maji yakae sawa ndani ya chupa. Sasa pima kutoka ncha hiyo mpaka ardhini. Ukipata sentimita 10, mteremko ni moja kwa kumi. Ukipata sentimita 20, ni moja kwa tano, na huo ni mkali sana.

Tuseme gari ina kilo 100, na umepakia mifuko 10 ya saruji. Kila mfuko ni kilo 50. Jumla ni kilo 600. Katika mteremko wa moja kwa kumi, ng'ombe anasukumwa kwa nguvu ya sehemu moja ya kumi ya uzito huo, yaani kilo 60. Katika mteremko wa moja kwa tano anasukumwa kwa kilo 120. Udongo na mchanga wa njia huzuia magurudumu kidogo, lakini katika lami msaada huo karibu haupo. Na nguvu hiyo haimwachii hata hatua moja mpaka afike chini.

Mwendo nao una hesabu yake. Gari ikienda mbio mara mbili, haihitaji nafasi mara mbili ili isimame. Inahitaji mara nne. Kwa hiyo ng'ombe akishaanza kukimbia, kumvuta kamba ni kazi bure. Mwendo unazuiwa pale juu, kabla gari haijainama.

Basi tukifika juu ya mteremko tusimame kwanza. Tutazame kamba, nira na tairi. Tutazame mzigo umekaaje. Vitu vizito vikae chini kabisa, karibu na ekseli. Mzigo uliorundikwa juu huegemea mbele gari inaposhuka, na uzito wote humlalia ng'ombe. Ukipakia nyuma sana, mipini huinuka na mkanda wa tumbo humkaba. Kipimo chake ni rahisi. Kabla ya kumfunga ng'ombe, gari ikiwa mahali pa sawa, inua mipini kwa mikono. Iwe mizito kidogo tu, mtu mmoja aweze kuibeba.

Watoto wote washuke. Mwendeshaji naye ashuke, atembee ubavuni kwa upande wa kilima, si upande wa bonde. Mtu asitembee mbele ya gari, hata akijiona hodari.

Breki inaweza kutengenezwa kijijini. Mti mgumu unalazwa nyuma ya magurudumu mawili, umening'inizwa kwa kamba kwenye bodi ya gari. Kamba nyingine inauvuta mti ubane tairi zote mbili kwa pamoja. Ukibana tairi moja tu, gari itageuka. Mshika kamba atembee nyuma. Katika njia ya udongo wengine hufunga gogo nyuma ya gari likaburura. Linasaidia, ila linachimba njia, na mvua ikija tunalia sote.

Pia chonga kabari mbili za mti, uzitundike garini. Ukitaka kupumzika katikati ya mteremko, kabari huwekwa mbele ya magurudumu, upande wa bonde. Isukume kwa fimbo. Vidole havirudi vikishasagwa. Na udongo mwekundu ukiwa umeroa, subiri ukauke.

Gari ikikushinda, usiikamate kwa mbele. Piga kelele watu wapishe, na kama unaweza elekeza kwenye kingo ya udongo upande wa kilima. Mifuko ikipasuka, ipasuke.

Wenye trekta na tela nao wana lao. Gia ndogo itiwe juu ya mteremko, kabla ya kuanza kushuka. Wapo wanaokanyaga klachi ili trekta iteleze na mafuta yabaki. Ukifanya hivyo injini haizuii tena kitu, tela inasukuma trekta, na vyote viwili vinaweza kujikunja na kupinduka. Pedali mbili za breki zifungwe pamoja barabarani. Bara, katika Mlima Kitonga mkoani Iringa, malori yenye matela hushuka mteremko mrefu. Dereva akitegemea breki peke yake, breki hupata moto, hunuka, kisha hazishiki tena. Vilima vyetu ni vifupi, lakini sababu ni ile ile.

Sasa tuseme lile ambalo watu hawapendi kulisema. Mwenye mzigo hulipa kwa safari. Kwa hiyo hutaka mifuko 10 iende mara moja, na mwenye gari huona haya kukataa. Sisi tunaona mapatano yawe kwa mfuko, si kwa safari. Mifuko 5 ikishuka mara mbili, gari inakuwa na kilo 350 tu kila safari, na katika mteremko wa moja kwa kumi ng'ombe anasukumwa kwa kilo 35 badala ya 60. Malipo ni yale yale, ila muda unazidi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Gari ina kilo 100. Imepakia mawe ya kilo 400. Ufito umeonyesha sentimita 15. Ng'ombe anasukumwa kwa kilo ngapi?

2. Nendeni na ufito na chupa mkapime miteremko mitatu ya karibu na kijiji. Upi ni mkali zaidi?

3. Katika mteremko huo, gari ya kilo 100 ishushwe na mifuko mingapi ya saruji ili ng'ombe asisukumwe zaidi ya kilo 40?