Nguvu za Kutwa Bila Kafeini: Vinywaji Mbadala wa Kahawa na Maana ya Uchovu Usiokwisha

Utangulizi

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, kahawa ni kinywaji na ni baraza pia. Muuza kahawa hupita na birika lake lenye mkaa akigonganisha vikombe, watu huketi kijiweni, na kashata hutafunwa huku habari za mtaa zikijadiliwa. Huko Kagera, buni huchemshwa, hukaushwa na kutafunwa, nayo hukaribishiwa wageni. Kitu chenye heshima ya namna hiyo hakiachwi kwa amri ya daktari peke yake.

Hata hivyo, wapo wanaolazimika kukiacha au kukipunguza: mama mjamzito, mwenye kukosa usingizi, mwenye mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, mwenye kiungulia kikali, na mwenye wasiwasi uliopita kiasi. Swali lao la kwanza huwa moja: nguvu za kufanyia kazi zitatoka wapi? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kueleza kazi ya kafeini mwilini, vinywaji vinavyoweza kushika nafasi ya kahawa, na wakati ambapo uchovu wenyewe ni dalili ya ugonjwa.

Kafeini hufanya nini mwilini

Ni vema ifahamike kwanza kwamba kafeini haitoi nguvu. Nguvu ya mwili hutokana na chakula. Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na kadiri inavyoongezeka ndivyo usingizi unavyozidi kumlemea. Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini na kuzuia ujumbe wa uchovu usifike. Kwa hiyo uchovu haujaondoka, bali umefunikwa. Kafeini inapopungua, adenosini iliyorundikana hupata nafasi yake, na mtu hujihisi amechoka kwa ghafla. Mfano wake ni deni lililoahirishwa: halijalipwa, na siku ya kudaiwa ipo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini iliyonywewa huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa 5. Aliyekunywa kahawa saa kumi na moja jioni hulala saa nne usiku akiwa na nusu ya kafeini ile. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito muda huo huweza kufika saa 15. Vidonge vya uzazi wa mpango huurefusha, na dawa ya siprofloksasini vilevile. Uvutaji wa sigara huufupisha, kwa hiyo mvutaji anayeacha sigara huku akiendelea na kahawa ileile huweza kutetemeka na kukosa usingizi, akadhani ni kuacha sigara tu kunakomsumbua.

Kikombe kikubwa cha kahawa huwa na kafeini ya miligramu 80 hadi 100, na kikombe cha chai karibu nusu yake. Buni za robusta, zilimwazo sana Kagera na Uganda, huwa na kafeini takriban maradufu ya zile za arabika. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, miligramu 400 kwa siku huhesabiwa kuwa kiasi kisicho na madhara kwa wengi. Kwa wajawazito, Shirika la Afya Duniani hushauri wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze, na miongozo mingine huweka kikomo cha miligramu 200.

Mfano wa kujifunzia

Chukuliwe mfano wa mama lishe mwenye ujauzito wa wiki 24, anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko. Anafika kliniki akilalamika kwamba miguu ni mizito na pumzi humwishia akipanda ngazi. Kwa siku hunywa vikombe vitatu vya kahawa ili aweze kusimama, na kila mlo huusindikiza kwa chai ya rangi. Vidonge vya madini chuma alivyopewa huvimeza asubuhi kwa chai hiyohiyo.

Ni rahisi kumwambia kwamba uchovu ni kawaida ya mimba, akarejea nyumbani. Lakini akipimwa, himoglobini inaonekana kuwa gramu 8.6 kwa desilita, yaani upungufu wa damu wa kiwango cha kati. Kahawa na chai huenda si chanzo cha yote haya, ila zimetenda mambo mawili. La kwanza, zimeifunika dalili kwa majuma kadhaa. La pili, polifenoli zilizomo ndani yake hushikamana na madini chuma tumboni, hasa yale yatokayo kwenye nafaka, kunde na mboga, zikayazuia yasifyonzwe.

Tiba yake haimo katika kutafuta kinywaji kingine cha kumchangamsha. Mhudumu atatafuta chanzo cha upungufu wa damu, ikiwemo malaria na minyoo. Atampa dozi ya madini chuma inayostahili. Atamwelekeza ameze vidonge kwa maji au maji ya machungwa. Na chai ataisogeza mbali na mlo na vidonge kwa saa moja au zaidi. Kinywaji mbadala kina nafasi yake, lakini huja baada ya hayo.

Vinywaji vinavyoweza kushika nafasi ya kahawa

Maji ni ya kwanza. Upungufu mdogo wa maji mwilini huleta kichwa kuuma, uzito wa mwili na umakini hafifu, na wengi huyachukulia hayo kuwa ni hamu ya kahawa. Bilauri mbili za maji baada ya kuamka ni mwanzo mwema.

Uji hutoa nguvu halisi, kwa sababu ni chakula. Uji wa ulezi una wanga, nyuzinyuzi na kalisi kwa wingi, na ukichanganywa na maziwa au karanga zilizosagwa hushibisha kwa muda mrefu. Aliyezoea kuanza siku kwa kahawa tupu huona tofauti kubwa zaidi hapa kuliko kwenye kinywaji kingine chochote.

Tangawizi iliyochemshwa bila majani ya chai haina kafeini, na ukali wake humpa mnywaji ule mchomo anaoutafuta katika kahawa chungu. Kwa wajawazito wengi hupunguza kichefuchefu. Mchaichai, mdalasini na iliki hutengenezwa kwa namna hiyohiyo. Rozela nayo haina kafeini na hunywewa moto au baridi.

Kwa anayekosa uchungu na harufu ya kitu kilichokaangwa, vipo vinywaji vinavyofanana na kahawa zaidi. Shayiri na mizizi ya chikori hukaangwa, husagwa na kuchemshwa, na katika nchi za Kiarabu kokwa za tende hutumiwa vivyo hivyo. Havina kafeini. Chai ya rooibos ya Afrika Kusini nayo haina, ijapokuwa rangi yake hufanana na ya chai ya kawaida.

Vinavyodhaniwa kuwa havina kafeini

Chai ya rangi na chai ya kijani zote zina kafeini, kwa kuwa zatokana na mmea mmoja. Kuongeza tangawizi ndani ya chai hakuiondoi. Soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na kakao vinayo pia, kwa viwango tofauti. Kahawa iliyoondolewa kafeini hubakiwa na kiasi kidogo. Baadhi ya dawa za maumivu huchanganywa na kafeini, kwa hiyo mgonjwa aulizwe juu ya vidonge anavyonunua dukani, si vikombe tu.

Wanaopaswa kuwa na hadhari

Sukari isichukue nafasi ya kafeini. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, sawa na vijiko saba vya chai, na uji au tangawizi iliyojazwa sukari haina tofauti nayo. Mwenye kisukari hulazimika kuhesabu hata wanga wa uji wenyewe. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asifanye madafu na tende kuwa mbadala wake wa kila siku. Mizizi ya urukususu ikitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Rozela, kinyume chake, huweza kushusha shinikizo la damu kidogo, hivyo anayemeza dawa za shinikizo amweleze daktari wake. Asiyevumilia gluteni aepuke kinywaji cha shayiri.

Namna ya kupunguza

Mtu asiache kwa siku moja. Aliyezoea kafeini akiikatisha ghafla huanza kuumwa kichwa baada ya saa 12 hadi 24, akawa mzito na mwenye hasira, na hali hiyo huweza kudumu kwa siku 2 hadi 9. Njia nyepesi ni kupunguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, kuanzia kile cha jioni. Waislamu wengi huyafahamu maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo za Ramadhani. Anayeanza kupunguza kahawa katika mwezi wa Shabani huyaepuka kwa kiasi kikubwa.

Vinywaji pekee havitoshi. Usingizi wa saa 7 au zaidi ndio unaoiondoa adenosini ubongoni. Mwanga wa jua la asubuhi, mwendo wa dakika 10 kwa miguu, na usingizi mfupi wa dakika 20 mchana huchangamsha bila kudai chochote usiku. Kwa muuguzi wa zamu ya usiku, usingizi mfupi kabla ya kuingia kazini humfaa kuliko kikombe cha alfajiri, ambacho humnyima usingizi wa mchana anaouhitaji.

Uchovu unaohitaji uchunguzi

Mgonjwa afike kituo cha afya iwapo uchovu umedumu kwa majuma mawili au zaidi licha ya kulala na kula vema. Asingoje muda huo akiwa na homa, weupe wa viganja na macho, kuhema kwa kazi ndogo au kuvimba miguu. Kikohozi cha majuma mawili, jasho la usiku na kupungua uzito huelekeza kwenye kifua kikuu. Kiu na kukojoa mara kwa mara huelekeza kwenye kisukari. Kuhisi baridi na kuongezeka uzito huweza kutokana na tezi ya shingoni. Kupoteza furaha na hamu ya mambo huweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa unaotibika.

Hitimisho

Anayeacha kahawa si lazima aache baraza. Aweza kuketi kijiweni palepale na kikombe cha tangawizi mkononi. Kwa mhudumu wa afya, swali la vikombe vingapi kwa siku ni fupi na halina gharama, lakini lisiishie hapo. Mgonjwa anapotaja kahawa nyingi, aulizwe pia ni uchovu gani anaoufunika nayo, na tangu lini.