Shahada ya Sheria na Kazi ya Kompyuta: Kijana Aanzie Wapi?

Huenda umehamia Ibra, Sur au Nizwa na mwanao ana shahada ya sheria, au ya kompyuta, na kila wiki anatuma maombi ya kazi Maskati bila ya kujibiwa. Ipo kazi inayotaka elimu zote mbili, nayo wengi wetu hatujaizoea: mshauri wa teknolojia ya sheria. Huyu si wakili, wala hasimami mahkamani. Anazisaidia ofisi kutimiza matakwa ya sheria kwa kutumia kompyuta.

Chukua mfano wa Amri ya Sultani namba 6 ya mwaka 2022, iliyoleta Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilianza kutumika Februari 2023. Sasa fikiria zahanati ya binafsi mjini Ibra. Mgonjwa anaandikwa jina, nambari ya kitambulisho na maradhi yake. Sheria inataka kibali cha wizara kabla ya kushughulikia taarifa za afya, na inampa mwenye taarifa haki ya kuomba zirekebishwe au zifutwe. Lakini taarifa zenyewe ziko wapi? Nyingine zimo katika daftari la mapokezi, nyingine kwenye kompyuta ya mhasibu, nyingine kwenye WhatsApp ya muuguzi. Mgonjwa akija kusema "nifutieni", nani anajua pa kufuta? Mshauri hukaa hapo siku mbili tatu, humuuliza kila mmoja anaandika nini na anampelekea nani, akachora njia yote inayopita taarifa. Baada ya hapo ndipo anaposema fomu gani iandikwe upya na programu gani ibadilishwe. Kuuliza na kuchora ndiyo kazi ya kijana anayeanza, na haina fahari yoyote.

Kwa hiyo asikimbilie kukusanya vyeti vya programu. Asome sheria hiyo moja, tena kwa Kiarabu, kwani matini ya Kiarabu ndiyo inayotumika mahkamani. Hapa ndipo watoto wetu wengi wanapokwama. Wazee waliorudi kutoka Zanzibar baada ya 1970, wengi walipata kazi kwa Kiingereza chao. Kwa kazi hii Kiingereza peke yake hakitoshi, na Kiarabu cha sokoni pia hakitoshi. Akishaisoma, aandike kurasa mbili: ofisi ndogo ifanye nini ili iitii sheria hii? Ibra kuna Chuo Kikuu cha A'Sharqiyah, na Nizwa kina chuo kikuu chake. Amtafute mwalimu wa sheria amkosolee. Kwenye usaili kurasa hizo zitamsemea kuliko orodha ya masomo.

Kiswahili nacho asikifiche. Kenya ilipitisha sheria kama hii mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Kampuni ya Oman yenye wateja Dar es Salaam au Mombasa inabanwa na sheria za pande zote mbili, na anayeweza kuzisoma na kuwaelezea wafanyakazi wa kule kwa lugha yao si rahisi kumpata.

Yapo mambo matatu ya karatasi. Shahada ya nje ipelekwe wizara inayohusika na elimu ya juu ikalinganishwe, na jambo hilo lianze mapema. Asiyekuwa raia, ambaye viza yake iko kwa mdhamini mmoja, asifanye kazi kwa mwengine bila ya kibali, hata kazi ndogo ya jioni. La tatu ndilo wanaoanza hulisahau: aeleze mfumo unavyofanya kazi, lakini mtu akimuuliza "nitashinda kesi hii?", ampeleke kwa wakili mwenye leseni.

Na akipigiwa simu na mtu anayetaka alipe ada ya usajili kabla ya kuona mkataba, akate simu. Mkataba akiuona, atazame kwanza jina la mwajiri kama ndilo litakaloandikwa kwenye kibali cha kazi, kisha mshahara, kisha muda wa majaribio.