Merlot na Carménère, Chupa Zikiwa Zimefunikwa: Mafunzo Niliyopata

Zabibu hizi mbili zimewahi kuwachanganya hata wakulima wake. Vipandikizi vilipelekwa Chile kutoka Bordeaux katika karne ya 19, na kwa miaka mingi Carménère ikakaa shamba moja na Merlot, ikavunwa nayo na kuuzwa kwa jina la Merlot. Mwaka 1994 ndipo mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipoikagua na kuitambua. Vinasaba vimeonyesha kwamba ni ndugu kweli: mzazi wao mmoja ni Cabernet Franc. Mimi na marafiki zangu hapa Dar es Salaam tulipotaka kuonja mvinyo bila kujua kilichomo kwenye glasi, sikuona jozi inayotufaa zaidi ya hii.

1. Nunua chupa zinazolingana. Zote zitoke Chile, mwaka wa mavuno uwe mmoja, na bei zikaribiane. Vinginevyo utakuwa unalinganisha mapipa na mifuko ya watu, si zabibu. Zifungwe kwa gazeti mpaka shingoni, na anayemimina akae jikoni, maana uso wake utasema kabla ya mdomo.

2. Joto la Dar si joto la chumba wanalolisema Wazungu. Mvinyo mwekundu hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukiachwa mezani kwetu, kilevi hupanda puani na kufunika kila kitu kingine. Ziweke chupa kwenye friji kwa muda kabla ya kumimina.

3. Weka glasi ya tatu. Hili ndilo lililonifundisha zaidi. Kila mtu anapewa glasi tatu, mbili zikiwa na mvinyo uleule, na kazi yake ni kutafuta iliyo tofauti. Wa kubahatisha tu atapata mara moja kwa kila tatu, kwa hiyo rudieni, mkibadilisha mpangilio kila mzunguko. Hapo ndipo watu wanapoonja kwa makini: rafiki yangu mmoja alifumba macho, akanusa ya kwanza, akarudi kwenye ya tatu, akanusa tena, na sebule nzima ikamsubiri. Hakuna aliyeuliza bei wala jina. Swali lilikuwa moja tu, kama tofauti ipo na iko wapi.

4. Tumia maneno ya kinywa chako. Vitabu vya mvinyo hutaja matunda ambayo wengi wetu hatujayala. Sisi tulisema zambarau, tukasema ukakasi, na mtu akasema hoho mbichi. Huyo wa hoho alikuwa ameishika Carménère. Harufu ile hutoka kwenye pirazini, kemikali zilizomo katika pilipili hoho na katika zabibu za ukoo huu, na hupungua kadiri zabibu zinavyoiva. Carménère huchelewa kuiva kwa wiki kadhaa nyuma ya Merlot. Basi fikiria shamba lililochanganyika, linalovunwa siku moja Merlot ikiwa tayari: nusu ya pipa ni mbichi. Nilikuwa nimeisoma historia hiyo mara nyingi, lakini niliielewa glasi ikiwa mkononi.

5. Andika kabla ya kusema. Sauti moja yenye uhakika huwabeba wote, hasa ikiwa ya mkubwa wa kundi. Karatasi ndogo na kalamu, kimya kidogo, kisha kila mmoja anasoma alichoandika.

6. Onja tena na chakula. Ukakasi wa mvinyo mwekundu hutokana na tanini zinazoshikana na protini za mate, na nyama yenye mafuta na chumvi huulainisha. Bila chakula, wengi wetu tuliipenda Merlot kwa ulaini wake. Mishkaki ilipoingia, ikiwa na vipande vya hoho vilivyoungua kidogo pembeni, kura zilihamia Carménère, na chupa zilikuwa bado hazijafunguliwa magazeti.