Kagua Mbao za Chombo Chako Kabla ya Kusi Kukaza

Kwa wenye majahazi, mashua na madau: kusi ikishakaza, uvujaji mdogo uliovumilika wakati wa kaskazi huwa hatari kwa abiria. Siku nzuri za kupandisha chombo ufuoni ni za bamvua. Maji hujaa alfajiri na kupwa karibu saa tano asubuhi, kwa hivyo fundi hupata mwanga wa kutosha kabla hayajarudi. Kitie gadi pande zote mbili kisilalie ubavu.

Anza na mkuku na mbao za chini. Kwangua magamba na mwani, kisha tafuta vitundu. Mdudu anayekula mbao huingia angali mdogo mno, kwa kitundu kama ncha ya sindano, lakini akiwa ndani hukua na kuchimba njia yenye upana wa kidole. Ndiyo maana ubao huonekana mzima kwa nje ilhali ndani umebaki mvungu. Gonga kwa mpini wa nyundo. Ukisikia sauti ya uwazi, mwite fundi autoe ubao huo atie mwingine, rangi haitautibu.

Wazee wetu huua wadudu hao kwa kupitisha moto wa makuti chini ya chombo, na njia hiyo bado yafaa. Ondoa kwanza injini na tangi la petroli, weka ndoo za maji karibu, wala usiuache moto ukae mahali pamoja ukachoma pamba ya kalafati. (Boti ya faiba haikaribiwi na moto hata kidogo!) Mbao zikiwa kavu, paka deheni ya shahamu na chokaa.

Kwenye maungo, ng'oa pamba iliyooza na utie mpya iliyoloweshwa mafuta ya nazi au sifa. Usiishindilie kupita kiasi, kwani mbao hufura zikiingia majini na zitasukumana.

Sitaha huharibiwa na mvua kuliko bahari. Maji ya mvua yakituama huozesha mbao. Ioshe kwa maji ya chumvi kila asubuhi, isinywee na kupasuka kwa jua, na ufue ngama kila mvua inaponyesha.

Chombo kikirudi majini, kiache nangani usiku mzima kabla ya kupakia mtu, ili mbao zifure. Kikiendelea kuvuja kesho yake, kipandishe tena. Mkaguzi wa KMA akija, mwonyeshe ngama pamoja na jaketi okozi.