Dondoo muhimu: Kutu ya kweli kwenye kigari cha mfano

Kabla ya kushika brashi, tazama picha za Ford ya 1932, gari ambalo vijana wa California walilivua madigadi na kuliongezea injini nguvu. Kutu haisambai ovyo: huanza maji yanapotuama, yaani chini ya milango, kwenye maungio ya mabati na palipochubuka. Paa na boneti hupauka kwa jua.

Kwa kigari cha kipimo cha 1/25, njia ninayoiamini ni ya chumvi. Paka bodi rangi ya kahawia ya kutu, iache ikauke kabisa, kisha lowanisha sehemu chache na unyunyize chumvi, ya mawe ikichanganywa na laini. Maji yakikauka, pulizia rangi ya bodi kwa tabaka jembamba. Nayo ikikauka, sugua kwa brashi ngumu yenye maji. Chumvi itabanduka na rangi ya juu, kutu itokeze. Usipange chembe kwa mistari, kwani hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika.

Injini ipake weusi wa grisi na vumbi, si kutu tupu: gari tunaloliiga hapa bado linaendeshwa. Maliza kwa vanishi isiyong'aa, na uvae barakoa unapopulizia.