Kakao ya Mama na Geti la Forest Mpya

Kijana wa Ipinda, wilayani Kyela, anayefanya kazi jijini Mbeya, ameandika kurasa tatu kuuliza kama ni haki mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Barua imefupishwa:

"Apatimenti iko ndani ya fensi Forest Mpya, mlinzi yupo usiku na mchana, hapiti mtu bila kupigiwa simu. Hela ilipungua, mama akanitumia ya kakao. Alipoleta mchele nilimpokea stendi ya Nanenane, akageuza siku hiyohiyo. Mlinzi angemsumbua."

Kodi ina jibu fupi: miezi sita ni kawaida ya wenye nyumba wengi. Aombe mitatu, adai mkataba wa maandishi na risiti, na Luku iwe yake peke yake.

Lakini mlinzi gani alimsumbua mama huyu? Hakufika hata getini. Aliyemzuia ni mwanawe, kulekule stendi.

Hela ya kakao haiokotwi. Matunda huchumwa na kupasuliwa, punje huvundikwa siku tano hadi saba, kisha huanikwa na kugeuzwageuzwa, jicho likiwa juu kwa mvua za Kyela zisizoaga, ndipo zipelekwe chama cha ushirika kusubiri mnada. Mama ameyapitia hayo, akakamilisha kodi ya mwanawe, akarudi kwa basi bila kujua hata rangi ya mlango.

Kijana asijitetee kwamba anataka kujitegemea. Wanyakyusa, watu wa kwao, hawakuhitaji geti kufundishwa hilo. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana wa miaka 10 hivi walivyojenga vibanda vyao kando ya wazazi na kuanzisha kijiji cha rika lao. Walilala huko, lakini walilima mashamba ya baba zao na kwenda kula kwa mama zao, tena wakiandamana na marafiki. Rafiki alimjua mama wa mwenzake kwa chakula chake!

Kijana huyu, naona, anaogopa majirani waone kiroba cha mchele na kusikia salamu za Kinyakyusa koridoni. Ni aibu, na imemkaa vibaya.

Ampigie simu mama leo, aje alale siku tatu. Ampokee Nanenane, abebe kiroba mwenyewe, na wakifika getini amwambie mlinzi kwamba huyu ndiye aliyekamilisha kodi.